Nafasi ya Mlezi

Saa ilikuwa imelala juu ya meza, haina mkono wa mtu ndani yake, na ilikuwa inapima mapigo ya moyo.

"Digrii," dada yake aliita bila kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, "hicho kidude chako kinamsoma nani?"

"Hakimsomi mtu. Sensa inadanganyika. Hata mkate ukiuvalisha saa, itakwambia moyo unadunda."

"Makubwa! Kumbe mkate wetu una presha na sisi tunaula tu." Akacheka, akaendelea kushona.

Digrii ndilo jina alilopewa na mtaa, na halikuwa la heshima. Shahada yake ilining'inia ukutani, second upper kabisa, ikifutwa vumbi na dada ambaye aliacha shule ili yeye amalize. Wazazi walipokufa, dada alimlisha kwa cherehani, akamsomesha kwa cherehani, na sasa, mwanaume mzima na ndevu zake, bado alikuwa anakula kwa cherehani ileile. Alikuwa ametuma CV mpaka mwenye kibanda cha intaneti akaanza kumwonea huruma. Thank you for your interest, walimjibu, wale waliojibu. Nafasi zenyewe zilikuwa na watoto wa wajomba wa watu, wamekalia viti vyake na hata kuandika barua hawajui.

Basi akawa anawasetia watu saa janja. Watu hununua saa janja halafu wanatazamia muda tu, kama mtu aliyenunua gari ili akae ndani asikilize redio. Digrii aliwafungulia yaliyofichika: kupima usingizi, kuita simu iliyopotelea chini ya mto, kukumbushwa kusimama ukikaa sana, kuongozwa kupumua ukipandwa na hasira. Ila alikuwa na uvivu mmoja. Wateja husahau nywila kisha wanarudi kulalamika, kwa hiyo aliacha kuwafungulia akaunti zao. Kila saa aliisajili kwenye akaunti yake mwenyewe, ndani ya kundi lililoitwa Familia Yangu. Mwuza nyama alikuwa mjomba. Msusi wa kona alikuwa shangazi. Mganga wa mtaa wa nyuma alikuwa babu. Na kwa kuwa kundi lilidai mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya setingi za wengine wote, nafasi hiyo, Mlezi, alimpa dada, ambaye alimvalisha saa ya kwanza kabisa. Kwenye orodha nzima, hilo tu ndilo lilikuwa kweli.

Mwenye ile saa iliyolala mezani aliirudia mchana. Alikuwa amevaa glavu kwenye joto la kuunguza bati, na aliingia na harufu ya waya unaoungua, ile inayokufanya utazame swichi. Dada alikuwa uani anaanua nguo.

"Umenifungulia yote?" mgeni aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyezoea kurudia neno.

"Yote, bosi. Usingizi, mapigo, kila kitu."

"Niweke na kwenye familia."

Digrii akacheka. "Kama nani? Binamu ipo wazi."

"Mlezi."

"Hiyo ina mtu."

"Nina ofisi," mgeni alisema. "Namtafuta kijana msomi. Mshahara wa kila mwezi, meza yako, jina lako mlangoni."

Jina mlangoni! Digrii akashika simu. Simu ikamwuliza: Mlezi yupo tayari. Mbadilishe? Chini yake yalijipanga masharti marefu kama sala ya mwizi, na huyu aliyesoma mpaka akachoka hakusoma hata mstari. Ni neno tu kwenye simu, alijiambia, dada hata hatajua. Akabonyeza Kubali.

Mgeni alivua glavu moja ili avalishwe saa yake. Kiganja kilikuwa laini kama sahani, hakina mstari hata mmoja. Digrii alijiambia ni kovu la moto. Kichwani alikuwa tayari anachagua rangi ya kiti.

Mgeni hajafika hata barabarani, dada akarudi na kapu la nguo, akakaa kwenye cherehani. Saa yake ikatetemeka. Dzzz. Simama.

"Haya bwana, nimesimama." Aliinuka akiitania.

Dzzz. Tembea.

Akaizunguka meza mara moja, akicheka. Akaizunguka tena. Kicheko kikakatika. Alishika kiti akae, lakini miguu ikamchukua, na kiti akakiburuta.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "miguu hainisikii."

Digrii alimvua saa akaitupa pembeni. Mtetemo haukutoka nayo. Ulibaki kwenye kifundo cha mkono, chini ya ngozi, ukijongea kama mdudu anayetafuta mlango. Dzzz. Tembea. Dada akaendelea kuzunguka, kandambili zikamvuka, vidole vikaanza kugonga miguu ya meza, na hakuweza hata kuikwepa.

Digrii akakimbia kumleta mganga.

Mganga alikuja na mkoba na maneno mengi. Alifukiza ubani, akamzunguka dada anayezunguka, ikawa kama wanacheza ngoma. "Jini haliingii bila kukaribishwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nani humu amelipatia ruhusa?"

Digrii akaificha simu nyuma ya mgongo.

Mganga akainua mkono aanze kulipunga. Mkono wa kanzu ukateremka, saa ikang'aa. Dzzz. Akaisoma, na uso ukamshuka.

"Kijana," akasema taratibu sana, "saa hii nani alinisetia?"

"Mimi, babu."

"Uliniweka wapi wewe? Uliniweka wapi?"

Hakungoja jibu, maana miguu yake ilishaanza, ikampeleka mlangoni bila mkoba na bila viatu, mpaka nje kwenye jua kali, na huko Digrii akamwona mwuza nyama anatembea na kisu chake mkononi, na msusi anatembea huku mteja wake mwenye kichwa nusu kimesukwa akimkimbilia nyuma na kumwita, wote wanaelekea upande mmoja, wamenyamaza, wanatazama mikono yao.

Digrii akafungua simu. Ondoa mlezi. Jibu likaja palepale: Mtoto hana ruhusa hiyo.

Nyuma yake hatua zilikoma.

"Dada?"

Dzzz. Vuta pumzi.

Dada akavuta, kifua kikajaa.

Dzzz. Shikilia.

Akashikilia, na Digrii akangoja neno linalofuata, lile alilowaonyesha wateja mara nyingi akiwaambia hii inaondoa stress mama, lakini neno halikuja, na macho ya dada yakaanza kumtafuta chumba kizima ingawa alikuwa amesimama mbele yake, midomo ikabadilika rangi, kucha zikauma ubao wa cherehani, na harufu ya waya unaoungua ikazidi kupanda mpaka ikameza ubani, na Digrii akampiga mgongoni, akamfungua kinywa kwa vidole vyake kama anavyofunguliwa mtoto aliyemeza shilingi, akapiga magoti, akaiomba saa, akaiomba simu, akaiomba ile shahada ukutani, na alipogeuka mgeni wa glavu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dada.

"Nimeleta mkataba," mgeni alisema.

Simu ikawaka. Maandishi marefu.

"Nitafanya kazi yoyote! Mfanye atoe pumzi tu!"

"Ni hilo tu unalotaka?"

"Hilo tu!"

"Basi kubali."

Akabonyeza bila kusoma.

Dzzz. Toa pumzi.

Dada akaitoa, ndefu, ya raha, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Akamshika mdogo wake shavuni. "Umekula lakini?" akauliza, na kwa swali hilo pumzi ikaisha.

Wote wawili wakaitazama saa pale pembeni ilipotupwa, wakingoja iseme vuta. Ilikaa kimya. Mkono ukateleza kutoka shavuni.

"Hukuomba avute," mgeni alisema, akainuka kwenye kiti.

Sasa Digrii ana kazi. Jina lake liko mlangoni. Huvaa shati ambalo dada alimshonea la usaili, na hajawahi kuchelewa, maana kila asubuhi saa iliyo mkononi mwake humwambia lini avute pumzi na lini aitoe.

Juzi aliingia ofisini mama mmoja na saa mpya ya kusetiwa, zawadi kutoka kwa wanawe. Akavaa miwani.

"Mwanangu, hapa pameandikwa mlezi. Mbona simjui huyu? Ngoja nisome kwanza."

Digrii akafungua kinywa amwambie soma, mama, soma yote, kisha uitupe chooni.

Dzzz. Shikilia.

Akashikilia. Mama alimngoja, akamwona anatikisa kichwa na macho yamejaa machozi, akadhani kijana wa watu amechoshwa na maswali ya wazee.

"Haya basi, baba, usikasirike," akasema, akabonyeza Kubali.