Wimbo Aliopandisha Shamsi

Yaliyompata rafiki yangu Shamsi wa Kasulu alinisimulia mwenyewe, uso chini. Alimrekodi Apoline, mkimbizi Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, akimwimbia mwanawe aliyefariki. Bila kumwomba ruhusa, akautia wimbo ule midundo, akaupandisha mtandaoni, ukasambaa mpaka maharusini.

Jioni moja Apoline alimfuata dukani kwake, akamuuliza sababu. "Mutoto wangu alikufa. Juu ya nini batu banacheza?"

Shamsi alishindwa kumtazama kwa aibu. Akaufuta wimbo mbele yake.

Mara umeme ukakatika. Gizani, spika isiyo na betri ikatoa sauti ya Apoline, bila midundo. Apoline mwenyewe alikuwa kimya. Shamsi alimsikia akihema kando yake. Wimbo ulipoisha, sauti ya mtoto ikasema ndani ya spika, "Mama, rudia."