Picha Mbichi za Mtoto wa Tuone Kwanza

Majirani zangu, sogeeni niwasimulie yaliyotokea upande wa pili wa ukuta wangu. Mimi ni fundi cherehani, na duka langu limepakana na studio ya picha kiasi kwamba wakicheka huko, nami hucheka huku kabla sijajua kisa. Mwaka ule vicheko vilikuwa vingi. Mpiga picha na mkewe walikuwa wamepata mtoto wao wa kwanza, wa kike. Baba alimlaza juu ya blanketi la manjano karibu na dirisha, akampiga picha mpaka mtoto mwenyewe akachoka akalala.

Sasa sikilizeni ugonjwa ulipoingilia. Picha za wateja bwana huyu aliiachia kamera izimalize yenyewe, na mteja aliondoka na picha yake siku hiyohiyo. Za mwanawe alizipiga mbichi, yaani kamera ihifadhi kila ilichokiona bila kukipamba, halafu yeye azisafishe kwenye kompyuta kwa programu maalumu. Kwa mwanawe hakutaka cha haraka. Nia ilikuwa njema kabisa.

Tatizo likawa ni programu ipi. Alianza na moja, akairekebisha rangi ya ngozi ikapendeza. Akasikia kuna nyingine inayofungua vivuli vizuri zaidi, akahamia. Kazi ya kule haikuhama naye, maana kila programu huweka marekebisho yake kwa namna yake, na nyingine haiyasomi. Akaanza upya. Ikaja ya tatu, akaanza upya tena. Ukimuuliza picha ziko wapi, jibu ni moja, ngoja tuone kwanza, mpaka mtaa mzima tukambandika jina hilo. Mtoto akaota meno, picha zake za uchanga bado mbichi. Akasimama dede, bado mbichi.

Ningecheka tu, wenzangu, kama si mama mkwe wake. Mama huyo aliishi mji mwingine na macho yake yalikuwa yakififia. Daktari alishamwambia kwamba dawa zitalichelewesha giza, hazitalizuia. Picha za kwenye simu alitumiwa, ila kwenye kioo kile kidogo aliona ukungu. Alichoomba ni picha moja kubwa ya mjukuu wake akiwa mchanga, aitazame angali anaona. Binti yake alimkumbusha mumewe kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akanyamaza. Vicheko vikaisha, na nilivikosa. Siku moja mke yule aliingia dukani kwangu, akakaa juu ya robota la vitambaa.

"Dada," aliniambia, "mama yangu atakuwa kipofu, huyu mume wangu akiwa bado anachagua."

Akamwita mama yake aje mwenyewe. Siku aliyofika nami nilikuwemo studioni, nimepeleka suruali ya Tuone Kwanza niliyoipunguza kiuno. Alimketisha mkwewe mbele ya kompyuta, akamfungulia picha ileile mara tatu, kila moja na programu yake, akamwomba amsaidie kuchagua. Mama akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Mkwe wangu, mimi naona mtoto mmoja mara tatu."

Tuone Kwanza akaeleza kwamba tofauti iko kwenye kivuli, pale blanketi lilipokunjika.

"Blanketi nililituma mimi, nalijua," mama akasema. "Nionyeshe mtoto."

Mama alikuwa bado ameinama, anavitafuta vidole vya mjukuu wake kwenye kioo na havipati. Mkwewe alipoliona hilo, machozi yalimtoka mbele yetu sote. Akairudia programu aliyoanza nayo, ambayo mkono wake uliizoea, akaisafisha picha moja palepale huku bibi amempakata mjukuu. Chai haijapoa, picha kubwa ikawa inatoka kwenye printa. Suruali yake aliisahau, ikabidi niirudishe dukani.

Leo mama yule haoni ila mwanga. Picha iko ukutani kwake, na mgeni akiingia humwelezea: ngumi imefumbwa isipokuwa kidole kimoja, sikio la kushoto limejikunja, na uzi umechomoka pembeni mwa blanketi. Nilipomtembelea niliisogelea picha nikahakiki. Hakukosea hata kimoja.

Na ukutani kwangu vicheko vimerudi.

FUNZO

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, na programu nazo ni majembe. Chukua moja unayoiweza, ulime. Tena tujichunge na jambo hili: wa nje tunammalizia kazi yake leo, wa nyumbani tunamwambia asubiri, eti kwa sababu tunampenda na tunamtafutia kilicho bora. Ndugu zangu, mpeni kilicho tayari angali ana macho ya kukiona.