Vidole Kwenye Kisigino

Maumivu yalimwanza fundi cherehani Jumanne moja, akiwa katikati ya kushona sare za shule. Alikanyaga cherehani yake kama alivyoikanyaga kila siku kwa miaka kumi na miwili, na papo hapo akahisi kisigino cha kushoto kimeminywa. Hakikuchomwa wala hakikuteguka. Kiliminywa, vile mteja anavyominya nyanya kujua kama imeiva. Aliinama kuchungulia chini ya meza, asione kitu ila vipande vya uzi, na pua yake ikakutana na harufu ya maua yaliyosahauliwa ndani ya maji.

Alivumilia wiki mbili bila kumwambia mumewe, kwa sababu tangu zamani alikuwa na donge lake jingine. Mumewe, seremala mwenye mikono ya dhahabu na maneno machache, alikuwa amefiwa na mke kabla ya kumwoa yeye. Na baadhi ya jioni alisimama dirishani akitabasamu peke yake, na akiulizwa, husema hakuna kitu. Kabati la chumbani alilifunga kwa ufunguo aliotembea nao mfukoni. Fundi alikwisha kuamua kwamba tabasamu lile ni la marehemu na kabati lile ni la marehemu. Alimwonea wivu mwanamke aliyelala kaburini, wivu wa kumnyima usingizi, na hakuwa na pa kuupeleka. Mke mwenza aliye hai unaweza kumsema kwa mashoga. Huyu angemsema kwa nani?

Siku aliposhindwa kukanyaga sakafu, ilibidi aseme. Seremala aliacha kula. Alimtazama mguu, si uso, akamwambia asiende hospitali, utapoa wenyewe. Alisema kwa upole. Fundi akajisemea kwamba kwa marehemu angekimbia na machela, na kesho yake akaenda mwenyewe, akichechemea.

Mpiga eksirei alikuwa mcheshi, mtu wa kutania kila mguu ulioingia mle. Alimlaza ubavu, akamwekea kisigino juu ya bamba la baridi, akamwomba asitikisike, kisha akajificha nyuma ya ukuta wake. Mashine ikalia. Alipotoka, utani ulikuwa umemwisha.

"Dada, kuna mtu alikushika mguu?"

"Humu ndani niko peke yangu."

Akarudia picha. Akairudia tena. Mwishowe akaibandika kwenye kisanduku cha taa, akasimama kando ili fundi aone mwenyewe. Mfupa wa kisigino ulikuwa mweupe na mzima kama yai. Lakini ulikuwa umekumbatiwa. Mifupa myembamba ya vidole vitano ilikuwa imeuzunguka, mirefu kupita kiasi, kila kidole kikiwa na pingili nne, na kwenye kimojawapo kulikuwa na pete iliyokunjwa ovyo.

"Nimeshaiona picha kama hii," mpiga eksirei alinong'ona, akitazama mlango. "Kwa mgonjwa mmoja tu, miaka mitano nyuma. Mgonjwa mwenyewe alikuja mara nne. Ya tano hakuja."

Alipoulizwa mgonjwa huyo alikuwa nani, akajibu kwamba majina hayakumbuki, ila mume wake ndiye aliyekuwa akizifuata picha, na nguo zake zilikuwa na unga wa mbao.

Fundi alifika nyumbani saa nane mchana. Alichukua patasi ya mumewe, akaipachika kwenye mlango wa kabati na kusukuma hadi kitasa kikang'oka, na humo ndani, badala ya nguo za marehemu alizozichukia bila kuziona, akakuta bahasha nne za hospitali zenye jina la marehemu, akazifungua moja baada ya nyingine na kuinua picha zake kwenye mwanga wa dirisha, ya kwanza ikiwa na kisigino na mkono ule ule na pete ile ile, ya pili ikiwa na goti na vidole vimelizunguka, ya tatu ikiwa na nyonga, na ya nne ikiwa na kifua, mbavu zikiwa zimetanuliwa na mkono uliokwisha kuingia ndani, na wakati wote huo harufu ya maua yaliyooza ilikuwa ikipanda kutoka sakafuni, na chumba cha pili cherehani yake ikaanza kukanyagwa, taratibu, bila mtu.

Alikaa chini. Miaka miwili alikuwa akimchukia mwanamke aliyeuawa pole pole na kitu hiki, katika kitanda hiki.

"Nisamehe, dada yangu," akasema, na cherehani ikanyamaza.

Seremala aliporudi, alikuta bahasha zimetandazwa kitandani. Hakukana. Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa: ujana wake alitumwa kubomoa dari ya nyumba iliyohamwa, akapitiwa na usingizi mchana, na mwanamke akamjia. Hakuwahi kuona uzuri kama ule. Alikunja msumari wa shaba, akamvisha kidoleni, akamwahidi kwamba hatakuwa na mwingine.

"Na ukaoa," fundi alisema. "Mara mbili."

"Nilidhani alikwisha kunisahau."

Fundi alimtafuta bibi mmoja, mkunga mstaafu aliyejulikana kwa kuyaweza mambo ya aina hiyo. Bibi alikuja asubuhi, akaiangalia picha, akaushika mguu, akauachia haraka.

"Mwanangu, jini huyu hana ugomvi na wewe. Umelala pake tu," alisema. "Mimi siwezi kumtoa. Atolewe na aliyemwoa."

Alimkalisha seremala katikati ya chumba, akasoma dua ndefu, harufu ikazidi mpaka madirisha yakaingia ukungu. Kisha akamwambia atamke mara tatu kwamba amemwacha. Seremala akatamka ya kwanza. Vidole vikalegea kidogo. Akatamka ya pili. Ya tatu haikuja. Bibi alimhimiza. Fundi alimtazama usoni, akaona tabasamu lile la dirishani, na macho yakitazama kitu nyuma ya bega lake yeye.

"Basi niache mimi," fundi akasema.

Alitumaini, mpaka wakati huo, kwamba mumewe atakataa. Talaka zilimtoka tatu kwa pumzi moja.

Bibi alimshika mkono, wakatoka. Fundi alipovuka kizingiti, vidole viliachia kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayefungua kifurushi alichokisubiri. Mguu ukawa mwepesi. Mlango ukajifunga nyuma yao, na ndani mwanamke akacheka, kicheko laini cha aliyerudi nyumbani kwake, na seremala naye akacheka. Fundi hakuwahi kumsikia mumewe akicheka hivyo. Bibi alimvuta waondoke, lakini yeye alisimama pale nje, mzima wa mguu, na wivu ule ule.