Kanda Iliyoandikwa Usijibu

Mambo yalianza Alhamisi, tarehe 5 Desemba 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, Nimo aliposhuka basi pale Hockley, mtaa wa Birmingham, akiwa amekumbatia kanda ya video iliyoviringwa kwenye taulo. Jua lilikuwa limeshazama. Mvua haikuwa mvua hasa, ni ule unyevu unaokaa kwenye nyusi bila kudondoka. Aliitazama saa mara mbili. Nimo ni mtu wa kutazama saa mara mbili.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Baba yake, Mzee Issack, alipigwa na kiharusi tarehe 13 Novemba, na tangu hapo hakutamka neno. Siku ishirini na mbili. Macho yalielewa, mkono wa kulia ulifinya, mdomo ukakataa. Mtaalamu wa usemi pale hospitalini alisema: mleteeni sauti alizozipenda, na mlete mapema, kwa sababu kila wiki inayopita matumaini hupungua.

Na Aabo, kama Nimo alivyomwita baba yake, alipenda Marekani ya zamani ambayo hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa na banda la video Isiolo, miaka ya themanini. Kauboi, mabondia, waimbaji wenye makoti ya kumetameta, polisi wenye magari marefu kama vitanda, wote walipita humo, na kwa kuwa hakuna aliyejua Kiingereza chao, Aabo alishika maiki gizani akawatafsiria. Kauboi akifungua mdomo, Kiswahili kinatoka. Hata majina ya filamu aliyatunga upya: Jambazi Hana Mjomba. Ngumi ya Yatima.

Alikuja Birmingham na kanda arobaini na moja. Arobaini zilioza kwa ukungu chini ya kitanda. Moja ilikuwa kavu na safi, kama imenunuliwa juzi. Ubavuni, kwa mwandiko wa Aabo, kulikuwa na neno moja tu.

USIJIBU.

Jina zuri la filamu, Nimo aliwaza.

*

Karakana ya Anko Parminder, fundi wa deki za zamani, ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya mafundi wa pete, mwisho wa ngazi za chuma. Ilinuka lehemu na tangawizi. Anko alizaliwa Nakuru, akakulia dukani Isiolo, akahamia Uingereza kijana, na Kiswahili chake kilibaki kilekile cha dukani.

"Ingia, funga mlango, baridi nakuja na wewe!" Aliichukua kanda, akaipuliza, akaigeuza kwenye taa. "Hii iko mzima kuliko mimi. Wewe mtoto ya Issack wa Isiolo? Ile alifanya kauboi naongea Kiswahili?"

"Ndiye, Anko."

"Basi leo mimi iko kijana."

Alivaa kilemba cha buluu na sweta lenye tundu kiwikoni. Alimpa Nimo chai, akaisukuma kanda ndani ya deki, akajilaza kitini kama mtu aliyelipia kiti cha mbele.

Chengachenga kwenye kioo. Kisha mtaa wa vumbi, nyumba za mbao, mtu mmoja juu ya farasi.

Kisha sauti.

"Stelingi huyo anashuka farasi. Adui anamwona. Mama mwenye duka anafunga dirisha, maana ameshajua leo kuna maiti..."

Nimo alifunika mdomo. Ilikuwa sauti ya Aabo. Ile mikwaruzo ya sigara, ile tabia ya kuvuta herufi ya mwisho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kwenye simu yake alikuwa tayari anarekodi, ili kesho ampelekee kitandani.

"Mko?" sauti iliuliza.

"Tukooo!" ukumbi mzima ulijibu ndani ya kanda, na miguu ikapigwa chini.

Anko alicheka mpaka akakohoa. "Nakumbuka hii! Kama hapana jibu, yeye nasimamisha sinema."

Filamu ikaendelea. Adui akapiga risasi mbili, stelingi akaviringika nyuma ya pipa. Sauti ikauliza tena.

"Mko?"

Safari hii ukumbi ulikaa kimya. Hakuna aliyekohoa. Hakuna mguu.

"Tuko!" akasema Anko, na kikombe kikainuliwa juu.

"Mko wangapi?"

Nimo aliacha kunywa. Anko bado alikuwa anatabasamu. Alikuwa amerudi bandani Isiolo, kijana tena.

"Wawili!"

Kwenye kioo, kauboi alisimama tuli katikati ya mtaa. Vumbi lilikuwa linaenda. Yeye hakwenda.

"Wawili..." sauti ikasema taratibu. "Mbona mimi naona watatu?"

Harufu iliingia chumbani. Dizeli ya jenereta. Ardhi iliyolowa. Jasho la watu wengi waliobanana gizani.

"Mzee mwenye kilemba cha buluu anaweka kikombe chini," sauti ikasema.

Anko aliweka kikombe chini.

"Anainuka. Anakwenda kwenye soketi."

"Hapana nzuri hii," alinong'ona Anko. Alikuwa ameshainuka. Alivuta waya kwa mikono miwili, plagi ikachomoka, kioo kikawa cheusi, taa ndogo ya deki ikazima.

"Amechomoa waya," sauti ikasema. "Haisaidii."

Nimo aliinamisha sikio kwenye deki. Sauti haikuwa inatoka kwenye deki. Haikuwa inatoka upande wowote.

"Binti anataka babake aongee."

Anko alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Siku ishirini na mbili anataka babake aongee. Ataniuliza mimi ni nani? Hataniuliza. Anaogopa nisije nikaondoka..." Ikavuta pumzi, kama Aabo alivyovuta kabla ya kusema jambo la maana. "Binti. Uko?"

Anko alimtikisia kichwa. Alitikisa kwa nguvu, kidole midomoni.

Nimo alikuwa amelisoma lile neno asubuhi ile, tena kwenye basi, tena mlangoni. Sasa ndipo alipolielewa. Halikuwa jina la filamu. Aabo aliliandika kama mtu anavyoandika *sumu* kwenye chupa.

Lakini siku ishirini na mbili...

"Niko," alisema.

Harufu ikatoweka. Deki, isiyo na umeme, ikaitema kanda.

Saa kumi na moja kasoro dakika nane simu yake ililia. Alikuwa Ussi, muuguzi wa wodini, kijana wa Kizanzibari.

"Dada Nimo! Mzee kasema! Wallahi kasema, na hanyamazi!"

*

Ndani ya teksi alimpigia mama yake, Ardo, aliyekuwa nyumbani na mafua, amekatazwa kufika wodini.

"Hooyo, ile kanda ya Aabo iliyobaki. Ni ya nini?"

Mama aliacha kukohoa.

"Umeitoa wapi?"

"Chini ya kitanda. Niambie."

"Mwaka wa themanini na tisa," mama alianza, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Babako alikuwa na malaria. Kusimama hawezi. Nilimlaza mimi mwenyewe, nikakaa naye mpaka asubuhi. Jioni ile banda lilijaa, na filamu ikatafsiriwa mwanzo mpaka mwisho. Kwa sauti yake."

"Nani alishika maiki?"

"Kulikuwa giza. Nani alimwona? Kijana wa deki alikuwa ameirekodi, akatuletea akilia. Babako akaitia motoni. Moto ulipoishika tu, sauti yake mwenyewe ikamkauka kooni, akaitoa kanda kwa mkono. Lile kovu lake la mkononi, alikudanganya ni la jenereta."

"Na wale watu ukumbini? Waliomjibu?"

Mama alianza kuhesabu makaburi, akaishia njiani.

"Nimo, mama," alisema mwishowe. "Wewe hukujibu."

Halikuwa swali. Lilikuwa dua. Nimo alikata simu.

*

Aabo alikuwa ameegemezwa mito mitatu. Mdomo ulikuwa unakwenda. Macho yalikuwa yanalia.

"Binti anaingia. Anavua kofia. Anatazama saa..."

"Aabo, ni mimi."

Alimtazama. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu aliyefungwa, na mkono wa kulia ukafinya vidole vya Nimo mpaka vikauma. Mdomo haukusimama hata kidogo.

"Anashika mkono wa babake. Babake hayupo kwenye maneno haya. Na kule Hockley, mzee mwenye kilemba anafunga karakana. Anashuka ngazi. Ya kwanza. Ya pili..."

Nimo alitoa simu akampigia Anko. Ikaita.

"Ya tano. Simu inalia mfukoni. Anainama kuitafuta."

Ikaita. Ikaita.

"Huyu kwisha," sauti ikasema, kama Aabo alivyomsema zamani kila adui wa kauboi aliyeanguka.

Simu iliendelea kuita mpaka ikakatika yenyewe.

Ussi alipita na kigari cha dawa, uso umejaa furaha. "Umeona mambo? Kila dakika anauliza 'mko?' Mimi nampokea: tuko! Wazee wote wodini nishawafundisha. Hata huyu wa kitanda cha nne, Mwingereza wa watu, anajibu!"

"Mko?" ilisema sauti kutoka kwenye mito.

Nyuma ya mapazia, kutoka vitanda vitano, kwa lafudhi tano mbovu, ilirudi: "Tuko."

Nimo alimweleza Ussi yote, kwa mpangilio, na saa za kila jambo. Ussi alimsikiliza kwa huruma, akamletea kiti na maji, akamwambia uchovu ni kitu kibaya.

*

Ijumaa, saa mbili kasoro robo asubuhi, vitanda viwili kati ya vile vitano vilikuwa vimetandikwa upya, havina watu. Nimo aliomba karatasi na kalamu nene kwa wauguzi. Aliandika taratibu, akiiga mwandiko wa baba yake mpaka mkato wa J, akaibandika ukutani juu ya mito. USIJIBU.

Ussi aliingia zamu akifunga vifungo. Alisimama, akaisoma, akatabasamu.

"Hii nayo ni filamu yake? Inahusu nini, dada?"

"Binti anafungua mdomo amjibu muuguzi," sauti ya Aabo ikasema.

Nimo akaufunga.