Etaji ya Kumi na Mbili

Siku ya soko, malori yanayoingia Masisi-centre hayaombi njia. Yanarudi kinyumenyume katikati ya magunia ya maharage, jibini za duara na madumu ya maziwa, na mwenye mguu ajiangalie mwenyewe. Byukusenge alikuwa amesimama papo hapo penye fujo, buti za mvua miguuni, kitenge cha manjano kimefungwa juu ya suruali, akilinda rundo la miti ya mikaratusi iliyotoka shambani kwao Kingi. Kijana mmoja akaja na utepe wa kupimia, akainama, akafumba jicho moja kama anayelenga ndege.

“Dada, hii miti yako imepinda.”

“Fungua ile jicho ingine, kaka. Utaona iko sawa.”

Wapakiaji wa lori wakaangua kicheko. Kijana hakukasirika. Alifungua jicho la pili, lakini hakulielekeza kwenye miti.

“Kweli,” akasema. “Iko sawa kabisa.”

Jina lake lilikuwa Omer. Alitoka Butembo, na kazi yake ilikuwa kukunja na kufunga vyuma vinavyolala ndani ya zege. Suruali yake ya jinzi ilikuwa na kutu mapajani, na viganja vyake vilikuwa vyekundu kama udongo wa kilima. Mjomba wake, mwenye malori, alikuwa anajenga nyumba ya ghorofa pale Masisi, naye alitafuta miti ya kusimamisha dalle, ile sakafu ya zege ya juu, mpaka ikauke na kujibeba yenyewe.

Papa Théogène, baba yake Byukusenge, alipenda kusema kwamba kila ghorofa inayoonekana Goma ililala kwanza mabegani mwa mikaratusi ya Masisi. Omer alilisikia neno hilo mara nyingi, kwa sababu aliendelea kuja Kingi hata miti ilipokwisha kutosha. Alikuja na sukari. Alikuja na misumari. Mara moja alikuja mikono mitupu, akasema alikuwa anapita.

“Unapita kwenda wapi?” Byukusenge akamuuliza. “Nyuma ya nyumba yetu barabara inaisha.”

“Njo pale nilikuwa ninaenda. Pale inaishia.”

Jioni hiyo Papa Théogène alimpandisha Omer kilimani, juu ya nyumba, akamwonyesha miti thelathini iliyonyooka kuliko mingine yote.

“Hii siuzishake,” alisema. “Ni ya nyumba ya binti yangu. Lakini mukaratusi hauna subira, kijana. Ukichelewa, unanenepa, haufae tena.”

Kesho yake Omer alirudi na kopo la rangi nyekundu, ile ya kukinga chuma na kutu, akaufunga kila mti mkanda mmoja wa rangi kwenye usawa wa kifua, ili panga la mtu yeyote lisikosee. Byukusenge alimshikia kopo. Walipofika mti wa mwisho, alimpaka Omer tone moja puani, na Omer akalibeba hivyo mpaka Masisi, mbele ya watu wote, kichwa juu.

Mwezi uliofuata akaitwa Kinshasa.

“Banajenga nyumba kubwa kule, ndefu kweli,” alimwambia Byukusenge penye pikipiki, mvua ikinyesha. “Kontra yangu ya kazi inaishia ku etaji ya kumi na mbili. Ile siku tutaifunika na dalle, ninafunga sakoshi, ninarudi. Siku ileile.”

“Ghorofa ya kumi na mbili?”

“Ya kumi na mbili. Utahesabu mwenyewe. Kila Dimanche nitakutumia picha.”

Na alizituma. Kila Jumapili, kutoka ng’ambo ileile ya barabara, Omer alipiga picha ya jengo. Mwanzo lilikuwa shimo na maji ya matope. Kisha likatoka ardhini, likasimama, likaanza kuficha mbingu. Nyuma yake yaliota mengine, ya vioo, ya zege tupu, yenye mashini za shingo ndefu vichwani. Byukusenge alikuwa anakwenda kwa Fifi, rafiki yake aliyeuza unité za kupigia na kuchaji simu Masisi-centre, kwa sababu pale ndipo rezo ya simu ilipokuwa na nguvu. Alihesabu kwa kidole juu ya kioo cha simu, kuanzia chini pale walinzi waliposimama. Akirudi nyumbani, alichora mstari wa makaa kwa kila ghorofa mpya kwenye mwimo wa mlango wa jikoni.

“Allô? Byuku, unanisikia?” Omer alipiga siku moja, Byukusenge akiwa kwa Fifi.

“Ninasikia upepo. Uko wapi?”

“Juu ya ule upepo. Minaona mto yote, mpaka Brazzaville. Cherie, huku manyumba inaota sawa mihindi. Unalala, jirani hana kitu. Unaamuka, amekufungia jua.”

“Hauogope?”

“Ninaogopa kitu moya: baba yako asikie vile ninakuita cherie.”

“Iko hapa anasikia.”

Kisha sauti ndogo, ya adabu: “Yambo, Papa.”

Papa Théogène wakati huo alikuwa Kingi anapalilia. Fifi alicheka mpaka akashika meza. Kule Kinshasa mtu mwingine aliichukua simu: “Shemeji! Miye Jean-Luc, mutoto ya Walikale. Kuya umuchukue huyu muntu wako. Anaimba jina yako siku yote, na hajue kuimba!”

Jean-Luc alikuwa mwenzake wa kufunga vyuma. Tangu siku hiyo hakukosa salamu.

Mistari ya makaa ikafika tisa, kumi, kumi na mmoja. Jumapili moja picha iliingia, na Byukusenge akahesabu mara tatu. Kumi na mbili, na ya kumi na mbili ilikuwa imefunikwa. Alirudi Kingi karibu anakimbia. Alichora mstari, akafua kitenge cha manjano, akasuka nywele. Jumatatu hakupigiwa simu, wala Jumanne. Jumapili hakuna picha. Siku ya nane Omer akapiga, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

“Kazi imesimama kidogo, Byuku. Univumilie.”

“Mpaka lini?”

“Sijue.”

“Omer, hauna kitu ingine ya kuniambia?”

“Hapana. Hakuna kitu.”

“Niko na macho, Omer. Ninajua kuhesabu.”

“Umehesabu nini?”

Alimkatia. Mtu aliyesema siku ileile, sasa anauliza umehesabu nini! Usiku huo huo akaifungia namba yake, asiweze kupiga wala kuandika. Fifi alimwambia, “Umuulize kwanza.” Byukusenge akajibu kwamba aliuliza, na akajibiwa kwamba hakuna kitu.

Wiki zikapita. Lori la mnunuzi wa Goma likafika Kingi kutafuta miti minene. Mnunuzi aliiona ile yenye mikanda myekundu, akaizunguka, akapiga ulimi. Papa Théogène alimfuata binti yake jikoni.

“Ile miti imefika mwisho wake. Miezi kumi tena, itakuwa ya kuni,” alisema taratibu. “Miye sina neno. Ukisema tungoje, tunangoja. Ukisema tukate, tunakata.”

Byukusenge alitazama mistari kumi na miwili kwenye mwimo wa mlango.

“Tukate, Papa.”

Alikwenda mwenyewe na shoka. Mti wa kwanza ulipolala, harufu kali ya majani ilijaa kilimani, na machozi yakamtoka, akasingizia majani. Miti yote thelathini ikashuka kwa bega mpaka lorini, mikanda myekundu ikipishanapishana. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akafuta makaa mlangoni. Mbao ilibaki na doa la kijivu.

Alikuwa amezoea kulitazama doa hilo bila kusimama, Fifi alipokuja Kingi juu ya pikipiki mchana wa jua, hajavaa hata viatu vizuri.

“Byuku, nimemuona. Omer. Alipita Masisi sasa hivi na pikipiki, sakoshi nyeusi kifuani. Nilimuita. Akainua mukono tu, akapita.”

“Alipita kwenda wapi?”

Fifi akatazama chini. “Njia ya Walikale.”

Kutoka Goma, Walikale iko mbele ya Masisi. Ili kufika kule lazima mtu apite mlangoni kwa wote anaowajua huku. Byukusenge alikaa juu ya gogo, akakunja kitenge magotini.

“Basi iko na mwanamuke wake kule,” alisema. “Aende salama.”

Alilisema vizuri, kama mtu mzima. Siku tano baadaye bado alikuwa hajala chakula kikaisha.

Siku ya sita, asubuhi, lori la mjomba wa Omer lilipanda Kingi likinguruma kwenye matope, likazimika mbele ya nyumba. Omer alikuwa amekaa nyuma, juu ya shehena. Alikuwa amekonda. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, na juu ya bega moja alikuwa amefunga kitambaa cheusi kidogo kwa pini. Akashuka, akamwamkia Papa Théogène kwa mikono miwili. Byukusenge hakutoka mlangoni.

“Kama umesahau njia, Walikale ni kule,” akamwambia.

“Nimetoka kule.”

“Na huyo muntu wako hakukupikia? Umekonda.”

“Alinipikia. Mama ya Jean-Luc. Hakuweza kula yeye mwenyewe.” Akagusa kitambaa cheusi begani. “Nilimupelekea nguo za mutoto yake. Tulimuzika Kinshasa, Byuku. Nguo za marehemu sikutaka ziingie kwenu kabla ya kufika kwa mama yake. Njo maana sikusimama.”

Kuku wakapita kati yao. Papa Théogène alivua kofia yake.

“Jean-Luc?” Byukusenge alisema. “Yule wa ‘shemeji’?”

“Yule.”

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Ningekuambia, na kesho yake nipande palepale? Ungelala usingizi gani?” Omer alirudi nyuma ya lori, akafungua kamba. “Nilifikiri nitakuambia macho kwa macho. Kiisha ukafunga simu.”

Akavuta mti, akaulaza chini. Ulikuwa mkaratusi mnene, umetapakaa zege kavu, gamba limebanduka nusu. Kwenye usawa wa kifua ulikuwa na mkanda mwekundu.

Byukusenge akatoka mlangoni.

“Ulitoa wapi hii?”

“Goma. Nilikuwa ninapita, nikaona chantier ya kujenga nyumba, dalle imekauka, banatoa miti chini yake. Nikaona rangi yangu.” Hakumtazama. “Nikajua umekata. Kabla ya kwenda Walikale nilikaa pale siku tatu, ninabakunjia vyuma, banipe ile imebaki. Ingine ilikuwa imekwisha kukatwa vipande.”

Akaendelea kushusha, akihesabu polepole kwa midomo kuanzia ule wa kwanza, kama wanavyohesabu mafundi wakipokezana vyuma: “Rez. Etaji ya kwanza. Ya pili. Ya tatu…”

“Ngoja,” akasema Byukusenge. “Ule mti wa kwanza umeuita nini?”

“Rez. Ya chini, ku udongo. Etaji inaanza juu yake.”

“Ya chini haihesabiwe?”

“Ku chantier hapana. Ni rez.” Alisimama na mti mabegani. “Siye tunahesabu vile.”

Omer alishusha mpaka ya kumi na mbili. Chini ilikuwa imelala miti kumi na mitatu. Byukusenge aliipita mmoja mmoja, akigusa mikanda myekundu kwa ncha ya kidole, kama alivyogusa kioo cha simu kila Jumapili. Alipofika wa kumi na mbili toka mwanzo, kidole chake kikasimama.

“Jean-Luc alianguka ku etaji gani?”

“Ya kumi na moya. Ile ya picha ya mwisho nilikutumia Dimanche. Kesho yake, Lundi asubuhi, akaanguka. Kazi ikasimama wiki saba. Kiisha tukapanda ile ingine, tukaifunika. Siku ileile nikafunga sakoshi.”

Ndiyo ile aliyoihesabu ya kumi na mbili. Ile aliyoifulia kitenge na kuisukia nywele. Akakaa juu ya miti, akafunika uso kwa viganja. Omer alikaa kando yake, hakumgusa. Kule kilimani, juu ya nyumba, visiki thelathini vilikuwa vimeanza kutoa machipukizi ya kijani, manne manne, matano matano.

“Nilikata kwa shoka yangu mwenyewe,” alisema ndani ya viganja. “Sikutumwa na muntu.”

“Najua. Niliona mikato. Muntu mwenye hasira anakata chini sana.”

Byukusenge alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio. Papa Théogène aliona kwamba ng’ombe wake wanahitaji kutazamwa upesi.

“Utarudi kule?” Byukusenge akauliza, alipoweza.

“Bananiita. Ile nyumba itafika etaji makumi mbili na tano.” Omer alitazama mikono yake. “Nilibaambia hapana. Kila chuma nikishika ninamusikia akiita ‘shemeji’. Nitajenga huku, nyumba za chini. Miti ni kumi na tatu, haitoshe. Lakini kama unanitaka na kumi na tatu, nimekuya kukuomba.”

Byukusenge alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akainuka, akauendea ule mti wa kwanza, akauinua upande mmoja, akangoja mpaka Omer aushike upande wa pili.

“Huu njo wa Jean-Luc,” alisema. “Tunausimamisha kwanza. Na usiuite rez. Kwetu njo wa kwanza.”

“Wa kwanza,” Omer akasema.

Wakauinua.