Jina la Siri Kwenye Kioo

Lucien alirudi jioni na gunia dogo la makaa, amenuna. Alikuwa karani wa komine, ofisi ya serikali ya mtaa, na miaka ile serikali ya Zaïre ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kwa hiyo kazini hakuna aliyethubutu kumwita Lucien. Nyumba yake ya mtaa wa Ibanda, kando ya ziwa, iliyoachwa na Mbelgiji, ilitoka jasho. Vioo vya madirisha vilichuruzika maji, kuta zikaota ukungu, na binti yake mchanga alikohoa kutwa.

Lucien, bwana mkubwa, alikuwa ameziba matundu yote ya hewa kwa magazeti. Eti baridi ya ziwa ndiyo inaleta maji!

"Papa, fungua kidogo," jirani yake Eulalie alimwambia uani. "Mule kulikufa mutu. Nyumba inakosa pumzi."

"Maman, enda na ulozi yako kule. Mimi nilisoma."

Alisoma! Msomi huyo akaingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani walimolala mkewe na mtoto, akaanika nepi mbichi juu yake, akafunga mlango.

Kioo kikajaa mvuke. Ti... ti... maji yakadondoka. Ikaja harufu ya mshumaa uliozimwa. Kisha kitu kikakwaruza kioo, polepole, kama kidole.

Msalaba.

Kisha herufi: Bibiane.

Kwenye karatasi mtoto aliitwa Nabintu. Bibiane ni jina alilobatizwa kwa siri, na walilijua watu watatu tu: padri, Lucien na mkewe Apolline.

"Ni weye uko unafanya michezo, mujinga?" Lucien akamfokea mkewe.

"Sijue kuandika, Lucien," Apolline alinong'ona kitandani.

Lucien akalifuta jina kwa mkono wa shati. Likarudi. Msalaba na jina, kama makaburini.

"Unaona, hakohoe tena," Lucien akasema kwa majivuno. "Chumba kinakauka."

Apolline akamnyanyua mtoto. Shingo ilikuwa imelegea.

Alishika pasi, akavunja kioo. Baridi ikaingia. Kimya... kimya... kisha mtoto akakohoa, akalia, na mama akalia naye.

Kesho yake muuguzi alisema ni hewa ya sumu ya makaa. Lucien akatangaza hivyo mtaa mzima, kama vile aligundua mwenyewe.

Jioni ile mbabula ilikuwa nje, madirisha wazi. Kioo kilichobaki kikatoa jasho.

Msalaba.

Kisha L.

Msomi hakungoja herufi ya pili. Alikimbia miguu mitupu hadi barabarani, mke na mtoto akawaacha ndani.