Jina Jipya la Shangazi

Kila alipotoka shule, Kijiti alivua sare, akavaa aproni na kufagia nywele katika saluni ya shangazi yake. Wateja ndio waliompa jina hilo kwa sababu ya wembamba wa miguu yake. Kazi yake ya pili ilikuwa kuipiga teke draya ya kukaushia nywele. Draya yenyewe ilikuwa moja tu, na bila teke haiwaki. Wateja walisubiri zamu kwenye benchi, na wengine walichoka wakaondoka na rola za saluni kichwani.

Shangazi aliomba mkopo kwenye kampuni moja anunue draya mbili mpya, akanyimwa. Aliambiwa kumbukumbu zake za mikopo zinaonyesha ana mikopo miwili ya simu hajalipa.

"Mimi?" alirudi akifoka. "Mimi ninayemkumbuka hata mteja aliyeondoka na kitana changu?"

Ndipo Jumatatu akajitokeza bwana mmoja wa suti na mkoba, aliyejiita Msafisha Majina. Jamani, mdomo wa bwana yule ulikuwa na asali. "Mama, nitakupatia jina jipya na kitambulisho kipya, uombe mkopo kwa jina hilo. Jina lichukue leo, anza kuomba. Ijumaa unanilipa, halafu kazi ya kitambulisho inaanza. Ila usiende kuwauliza wenye kumbukumbu, utaharibu mambo."

Malipo aliyotaka yangemeza hela yote ya kodi ya saluni, ambayo Shangazi alikuwa ameiweka kabatini. Mwenye nyumba naye hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Shangazi, hela ya kodi ikienda, tutasukia wapi?" Kijiti aliuliza.

Akaambiwa afagie.

Jina jipya lilikuwa Madamu Almasi. Jioni ile nyumba nzima iliamriwa kulizoea. "Madamu Almasi, chakula tayari," mumewe aliita. Shangazi akaendelea kukunja taulo. Akaitwa tena, na tena, mpaka chakula kikapoa.

"Ni nani huyo anaitwa haitiki?" aliuliza kwa hasira.

Alhamisi alikuja mama mmoja, afisa mikopo wa kampuni nyingine ambako Shangazi alikuwa ameshaomba kwa jina jipya, kukagua biashara. Shangazi alikuwa amezama kwenye kichwa cha mteja. Afisa akaita, "Madamu Almasi?" Hakugeuka mtu. Akaita tena, wapi. Mwishowe akamwinamia Kijiti. "Binti, mwenye saluni hii anaitwa nani?"

Kijiti aliegemea ufagio. Draya mpya alizitaka kuliko mtu yeyote, maana kidole chake cha mguu kilikuwa kimevimba. Lakini uongo ulikataa kutoka. "Mwenyewe ni huyu hapa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ila Almasi si jina lake. Amepewa Jumatatu."

Mteja alicheka mpaka rola zikadondoka. Shangazi aliona aibu, akakaa kitini na kueleza yote.

"Huyo ni tapeli, mama," afisa alisema. "Ukikopa kwa jina la kubuni, wa kushtakiwa ni wewe. Mtu anayetaka malipo kabla ya kazi, tena anakukataza kuuliza, mkimbie. Ni haki yako kuomba taarifa yako ya mikopo na kuisoma mwenyewe. Ukikuta kosa, andika malalamiko, wachunguze na kurekebisha. Kama deni ni lako kweli, hakuna wa kulifuta. Ongea na anayekudai, mpange kulipa kidogo kidogo."

Ijumaa Msafisha Majina alifika akitabasamu. Shangazi akamwomba kwanza aonyeshe kitambulisho chake mwenyewe. Bwana akakumbuka kuwa ana safari.

Taarifa ilipopatikana, deni moja halikuwa la Shangazi hata kidogo. Alilalamika, likaondolewa. La pili alilitambua mwenyewe. Lilikuwa la wigi alilonunua kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, akasahau kabisa. Akalilipa kwa awamu, na baada ya miezi kadhaa akapata mkopo kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Siku draya mpya zilipoletwa, Kijiti aliuliza, "Shangazi, ulinikasirikia siku ile?"

"Nilitamani kukutimua," Shangazi alisema, akamvuta karibu. "Lakini ungenidanganyia, kodi ingeliwa na leo tungekuwa nje. Kumbukumbu zako zikiwa mbaya, mwanangu, usijifiche. Nenda kaulize, sahihisha lisilo lako, na lililo lako ulipe."